Kujiambia "Mimi ni Jasiri" Hakutoshi

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata nizungumzie jambo ambalo sisi watunzi wa programu hatupendi kulitaja: woga.

Mimi ni mwoga. Si wa giza wala wa nyoka. Naogopa kusema mbele ya watu kwamba kitu fulani hakiko sawa. Miaka miwili iliyopita nilisoma mahali kwamba dawa yake ni kujiambia maneno ya kujitia nguvu kila siku. Basi nikafanya kama mtu wa kompyuta. Niliandika programu ndogo, nikaikabidhi kroni, ile sehemu ya Linux inayoendesha kazi kwa saa uliyopanga. Kila siku saa kumi na mbili unusu asubuhi kioo kikaniandikia: "Mimi ni jasiri. Sitikisiki." Nilisoma kwa sauti mara tatu, kisha nikaenda kupanda matatu.

Nilifanya hivyo miezi minne bila kukosa. Halafu Ijumaa moja nikagundua hitilafu katika mfumo wa malipo tuliokuwa tukiuandaa. Mtandao ukikatika katikati, mfumo ulituma ombi tena bila kuuliza kama pesa zilikuwa zimeshakatwa. Yaani mteja angelipa mara mbili. Mkutanoni meneja akauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikatazama meza. Jioni toleo likaenda hewani.

Jumatatu simu za wateja hazikukatika. Mmoja alikuwa mama muuza mboga ambaye pesa zake za kununulia mzigo zilikatwa mara mbili. Alirudishiwa baada ya siku mbili, na siku hizo zote kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Na mimi asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa nimesema mara tatu kwamba sitikisiki!

Je, kosa lilikuwa wapi? Nadhani nilichanganya vitu viwili ambavyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuvitenganisha. Kuamuru kompyuta ichapishe "salio ni shilingi elfu kumi" hakubadilishi salio. Maneno yanatokea kwenye kioo, hifadhidata inabaki vilevile.

Tabia hii si ya leo. Mfamasia Mfaransa Émile Coué, aliyefariki 1926, alipata sifa kubwa kwa kuwafundisha watu kurudia sentensi moja ya matumaini mara 20, asubuhi na usiku. Lakini mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti uliowataka watu wajiambie kwamba wanapendeka. Waliojithamini tangu awali walinufaika kidogo. Wale waliojidharau, ambao ndio wenye haja ya dawa hiyo, walijisikia vibaya zaidi. Hainishangazi. Ukijiambia jambo usiloliamini, moyo unakujibu palepale, "Mwongo wewe."

Je, nasema tuache kujisemesha? La hasha. Nasema tujiambie ukweli.

Kumbukeni majigambo tuliyosoma katika Fasihi Simulizi shule ya upili. Anayejigamba hasemi tu "mimi shujaa" akaketi. Anataja alichofanya: vita alivyopigana, mnyama aliyemuua. Na anavitaja mbele ya watu wanaoweza kumwumbua akidanganya. Wazee wetu walijua kwamba sifa bila tendo ni kelele.

Kuna utafiti mwingine unaoelekea huko. Mwaka 2006 Geoffrey Cohen na wenzake waliandika katika jarida la Science kuhusu wanafunzi wa darasa la saba Marekani walioandika kwa dakika chache kuhusu mambo wanayoyathamini maishani. Hawakuandika "mimi ni hodari". Pengo la alama kati ya wanafunzi weusi na weupe lilipungua kwa takriban asilimia 40. Tafiti zilizorudiwa baadaye hazikupata matokeo makubwa hivyo kila mahali, kwa hiyo tusiifanye uganga. Lakini funzo lake nalikubali: mtu husimama imara akikumbuka anachokijali.

Basi nilibadilisha programu yangu. Haichapishi tena kauli moja. Inafungua faili na kunionyesha mambo matatu. Kwanza, tendo moja la kweli nililowahi kufanya huku naogopa, pamoja na tarehe yake. Pili, ninachokijali: mama wa mboga asifunge kibanda kwa sababu yangu. Tatu, swali: leo ni neno gani unaogopa kulisema, na utamwambia nani? Jioni naandika jibu. Siku nyingine jibu ni "nilinyamaza". Hilo pia linabaki kwenye faili, silifuti.

Mwanzoni orodha ya matendo ilikuwa na mstari mmoja tu, na ni wa enzi za chuo. Sasa ina 11. Wa karibuni ni siku niliyoinua mkono nikasema toleo haliko tayari. Sauti ilitetemeka, meneja alikunja uso, na tukachelewa siku nne. Sikujisikia jasiri hata kidogo. Lakini nilisema, na hakuna mteja aliyekatwa mara mbili.

Huo ndio msimamo wangu. Usijipe cheo cha ujasiri asubuhi kisha ukasubiri kikushuke. Tenda kadogo, kaandike, na kesho kasome. Kauli itakayokuja baadaye itakuwa na ushahidi, na moyo hautakuwa na la kubisha.

Wewe je, msomaji wangu? Ukifungua faili yako leo, mstari wa kwanza utasemaje? Alamsiki.