Mumeo na Behewa Lake

Dada mmoja aliyeolewa Marekani analalamika: mume akitoka kazini tu, anajifungia chumbani na behewa dogo la treni. Amelitengeneza mwenyewe, na sasa analichafua makusudi!

Shoga, kwanza elewa anachofanya mle ndani. Kwa skeli ya 1:87, behewa la futi 40 linakuwa na urefu wa sentimita 14 tu. Anakata karatasi za plastiki kwa wembe, anabandika ngazi za waya, mlango, hadi vichwa vya riveti. Likikamilika linang'aa, na hapo ndipo linapoonekana toi. Behewa la kweli limepigwa jua na mvua miaka na miaka. Basi anasaga chaki ya kahawia, anaipaka kwa brashi kufuata michirizi ya maji, kutu ikianzia kwenye riveti. John Allen wa Monterey, California, aliyefariki 1973, alisifika kwa uchakavu wa aina hiyo.

Hiyo si kazi ya nusu saa. Ila Jumatano na Jumamosi ni zako, mwambie waziwazi kabla hajashika brashi (na bei ya vifaa aiseme!). Halafu siku moja ingia, kaa, muulize kutu ile ilianzia wapi.