Silinda zipimwe kabla ya kununua injini mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu injini za mashine za kusaga vijijini.

Nyingi ni injini za dizeli zenye silinda moja. Ikianza kutoa moshi wa bluu, kula oili na kuwa ngumu kuwaka, fundi hubadilisha ringi za pistoni peke yake, au kamati hutangaza kuwa injini imekufa na wananchi wachangie nyingine. Mara nyingi yote mawili ni hasara.

Silinda hailiki sawasawa. Huliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa kuwa joto ni kali na oili ni haba. Tundu hupoteza uduara likawa kama yai. Ringi mpya ikiwekwa humo haikamati pande zote, na haupiti muda moshi unarudi.

Dawa ni kuipima silinda kwanza, juu na chini, na kwa pande mbili. Ikiwa imelika na ina slivu, slivu itolewe, iwekwe mpya pamoja na pistoni na ringi zake. Kama haina, bloku ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga, tundu lipanuliwe, pengine kwa nusu milimita, na iwekwe pistoni ya saizi hiyo. Lakini pistoni ipatikane kabla ya kuchonga, maana tundu huchongwa kwa kuifuata pistoni.

Adui mkubwa wa silinda ni vumbi. Injini ikiendeshwa bila chujio la hewa, au chujio likiwa chafu, vumbi husaga chuma kama msasa.

Mashine ikisimama, kina mama hubeba mahindi hadi kijiji cha jirani, na watoto, hasa wasichana, hutumwa huko wakakosa masomo. Sisi walimu tunayaona hayo katika daftari la mahudhurio.

Naomba SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, zishirikiane na halmashauri kuwafundisha waendesha mashine vijijini. Nazo kamati zisiitishe mchango wa injini mpya mpaka fundi aonyeshe vipimo vya ile ya zamani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.