Usiseme Ni Netiwaki, Programu Yako Ndiyo Imeziba Njia

Wasee, huku Sironga kuna zile njia za murram nyembamba, chai upande huu, chai upande ule. Mvua ikinyesha, Probox moja inapanda, nyingine inashuka, zinakutana katikati. Huyu hataki kurudi nyuma, na yule pia hataki. Hakuna gari lililoharibika, lakini hakuna linalosonga.

Mkwamo wa databesi ni hivyo hivyo. Na mimi nimewahi kuusababisha.

Niliwatengenezea kina mama wa chama fulani apu ya kuweka hesabu. Kila mwanachama ana akaunti ya akiba, na chama kina mfuko wake. Siku ya kugawa faida, mweka hazina akabonyeza "Gawa". Seva ikafunga mfuko, ikaanza kupitia akaunti moja moja ikiongeza pesa. Wakati huo huo mama mmoja, akiwa kwake, alikuwa anatoa shilingi 500 kwenye akiba yake alipe mkopo. Uzi wa pili wa seva ukafunga akaunti yake kwanza, kisha ukaomba mfuko. Mfuko umeshikwa. Ule uzi wa kwanza nao ukafika kwa akaunti ya huyo mama, ukakuta imefungwa. Probox mbili, pua kwa pua.

Tulikuwa tunatumia MySQL, na hiyo haikai tu ikitazama. Ikigundua mkwamo inachagua muamala mmoja na kuufuta, mara nyingi ule uliobadilisha safu chache, kisha inatoa kosa nambari 1213. Muamala mdogo ulikuwa wa yule mama. Ukafutwa. Halafu programu yangu, kwa ujinga wangu, ikalimeza hilo kosa na kumwandikia: "Malipo yamepokelewa."

Mkutano uliofuata, orodha ikasema bado anadaiwa 500. Simu yake inasema amelipa. Macho yaligeukia nani? Mweka hazina. Mama mtu mzima, anayeniita "mwanangu", akaulizwa mbele ya wenzake pesa amepeleka wapi. Aliponipigia, jibu langu la kwanza lilikuwa, "Mama, hiyo ni netiwaki tu." Usiku nikafungua kumbukumbu za seva. 1213, imekaa hapo inaniangalia.

Manze, tuache hii tabia. Tangu M-Pesa ianze 2007, watu wetu wamezoea kuamini kile simu inasema. Ukiandika "imepokelewa", hiyo ni ahadi.

Na kuna wale watasema nunua seva kubwa. Hapana. Ukizipa Probox injini kubwa, zitafika mahali pa kukwama haraka zaidi. Wengine watasema acha muamala mmoja tu upite kwa wakati. Kwa chama kidogo sawa, lakini watu wakiwa elfu, foleni itafika Nyamira mjini.

Mimi nilibadilisha mambo manne. Kwanza, mpangilio: kila muamala, hata uwe wa nani, unafunga akaunti yenye nambari ndogo kwanza. Mfuko ni nambari 1, kwa hivyo wote wanaanzia hapo. Ukiukuta umeshikwa, unangoja ukiwa mikono mitupu, hujamzuia mtu.

Pili, miamala mifupi. Kugawa faida sasa ni mwanachama mmoja mmoja, na SMS inatumwa baada ya muamala kukamilika. Usishike kufuli huku ukingoja jibu la kampuni ya simu.

Tatu, 1213 ikitokea, rudia muamala wote tangu mwanzo, baada ya kupumzika kidogo, mara tatu hivi. Usirudie nusu.

Nne, ikishindikana kabisa, sema ukweli: "Malipo hayajapita, jaribu tena."

Kufuata mpangilio hakumalizi mikwamo yote. Safu zisipokuwa na indeksi nzuri, MySQL inaweza kufunga nyingi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana namba tatu na nne lazima zibaki.

Nilirudi kwa kile chama nikasimama mbele ya wote, nikasema kosa ni langu, si la mweka hazina. Alinyamaza, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Lakini wao waliniuliza mbele ya watu."

Databesi huchagua muamala wa kutoa kafara. Ukificha kosa, umechagua mtu.