Sakafu ya Mbao na Chupa ya Soda

Mama mwenzangu, sakafu ya mbao iliyochakaa si lazima ing'olewe. Ya kwetu, ya mvule, tulipigilia kwanza misumari iliyochomoza, kisha tukaisugua kwa msasa, mkali hadi mlaini, tukifuata uzi wa mbao. (Yenye rangi ya zamani usiisugue kavu, huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.) Tukapaka vanishi mara tatu. Iling'aa hata nikaona haya kuikanyaga.

Lakini siku ile mimi, muuguzi wa miaka mingi, nilitia tapentaini ya kuoshea brashi katika chupa ya soda. Kitinda mimba wetu akapiga funda moja. Baba watoto akaleta maziwa. Jirani akataka kumtia kidole kooni atapike. Nikakataa yote mawili. Tapentaini ikipanda tena huweza kuingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamkimbiza hospitali. Alikohoa usiku kucha. Tulilala wodini siku mbili.

Sasa tapentaini hukaa katika kopo lake, kabatini, na ufunguo ninao mimi.