Miezi miwili tena

Kimya changu kimekuwa kirefu, najua, ila kazi za wateja hazikunipa nafasi ya kupumua. Leo nataka tuzungumze juu ya kuchelewa, jambo ambalo mimi mwenyewe nina uzoefu nalo mwingi (na si wa kujivunia).

Wiki iliyopita kijana mmoja, mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi, aliniandikia barua pepe. Ametengeneza tarakilishi ndogo ya kushika mkononi, ya kuchezea michezo ya zamani. Ndani kuna Raspberry Pi, skrini ndogo, betri na vibonye alivyoviunganisha mwenyewe. Nimeona video yake, na kweli inafanya kazi. Wenzake chuoni wameipenda, na sasa watu arobaini wako tayari kumtumia shilingi 15,000 kila mmoja kwa M-Pesa ili awatengenezee zao. Amewaahidi kuzimaliza kwa miezi miwili. Alichotaka kwangu ni msaada kidogo na programu ya kuwashia mashine.

Niliposoma "miezi miwili" nilicheka. Kisha nikapiga hesabu, arobaini mara 15,000, nikaacha kucheka. Shilingi 600,000 za watu si mchezo.

Kwa nini nilicheka? Wale mliokuwa mkifuatilia mambo ya Linux mwishoni mwa muongo ule wa 2000 mtakumbuka Pandora. Kikundi kidogo cha watu wa Ulaya na Marekani, miongoni mwao Craig Rothwell wa Uingereza na Michael Mrozek wa Ujerumani, waliamua kutengeneza tarakilishi ya mkononi ambayo wao wenyewe walikuwa wakiitamani. Wawili hao walikuwa wakiuza GP2X, kichezeo cha Korea kilichotumia Linux, na walichoka kusubiri kampuni kubwa zisikie wanachotaka wateja. Basi wakasema, tutajitengenezea.

Na walichokichora kilikuwa kitamu! Prosesa ya Texas Instruments OMAP3530 yenye kiini cha Cortex-A8, kumbukumbu ya MB 256, skrini ya kugusa ya inchi 4.3, kibodi kamili, vidhibiti vya michezo pande zote mbili, Wi-Fi, Bluetooth, nafasi mbili za kadi za SD, na betri kubwa ya kukaa saa nyingi. Linux ndani, hakuna kufuli, fanya utakavyo. Bei ilikuwa dola 330 hivi, zaidi ya shilingi 20,000 za wakati ule. Mimi sikuwa nazo, na sitajifanya kwamba busara ndiyo iliyoniokoa.

Tarehe 30 Septemba 2008 walifungua mlango wa kuagiza. Ukiagiza unalipa yote, wakati huo huo. Maagizo takriban 4,000 yakaingia. Mashine zilitarajiwa kabla ya mwaka huo kwisha.

Ya kwanza ilimfikia mteja Mei 2010.

Hapo ndipo maneno "miezi miwili" yalipogeuka kuwa utani wa wapenzi wa Pandora dunia nzima. Ukiuliza lini, jibu ni miezi miwili. Ikipita hiyo miwili, jibu ni lile lile. Lakini ukitazama kilichowachelewesha, hutakuta wavivu wala wezi. Utakuta mlolongo wa mambo ambayo mtu wa programu kama mimi hawezi kuyakisia akiwa ameketi mbele ya skrini yake.

Kwanza benki. Malipo ya kadi kwa kitu ambacho bado hakijatengenezwa yaliitia wasiwasi, fedha za watu zikarudishwa, na walioagiza wakalazimika kulipa upya kwa njia nyingine. Huo ni mwanzo tu, kabla ya skrubu hata moja kukazwa. Wakati huo huo pauni ya Uingereza ilikuwa ikiporomoka: Julai 2008 ilikaribia dola 2, na Desemba ilikuwa chini ya dola 1.50. Ukishika pauni mkononi na vipuri vyako vinauzwa kwa dola, umefilisika kiasi hicho bila kufanya kosa lolote.

Kisha kisanduku cha plastiki. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kijana wangu hajakiwaza hata kidogo. Yeye kisanduku chake kimechapwa na mashine ya 3D, saa kadhaa kwa kimoja, na akikosea anabadilisha mchoro na kuchapa kingine. Kwa maelfu huwezi kufanya hivyo. Unahitaji kalibu ya chuma, ambayo plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani yake. Kalibu ni ghali, inachongwa kwa wiki nyingi, na chuma ukishakipunguza hukirudishi kwa urahisi. Kipande cha kwanza kinatoka, unaona bawaba inakaza mno, au kibonye kinakwama, au plastiki imejikunja ilipopoa. Unaandika maelezo, unayatuma China, unangoja kalibu irekebishwe, unangoja sampuli mpya ije kwa ndege. Kila mzunguko unakula wiki kadhaa. Pandora ilikuwa ya kufunga na kufungua kama daftari, ina kibodi na vidhibiti na vibonye vya mabegani, kwa hiyo ilikuwa na sehemu nyingi za kukosea. Mizunguko hiyo ilikula mwaka 2009 karibu wote.

Sisi wa programu tumedekezwa. Nikikosea mstari mmoja leo usiku, naurekebisha, na kesho asubuhi wateja wana toleo jipya. Fundi wa kalibu hana jambo hilo.

Halafu bodi za saketi zenyewe. Katika Pandora chipu ya kumbukumbu haikukaa pembeni mwa prosesa. Ilikaa juu yake, kama chapati juu ya chapati, na zote zinashikamana na bodi kwa vitone vidogo vya lehemu vinavyoyeyuka ndani ya tanuri. Vitone hivyo vimejificha chini, jicho halivioni. Kimoja kikikosa kushika, bodi imekufa, au mbaya zaidi, inafanya kazi leo na kukataa kesho. Bodi za kwanza zilitengenezwa Texas, na zilizoharibika zilikuwa nyingi mno. Bodi mbovu imeshakula prosesa yake na fedha za mteja wake. Mwaka 2011 kazi ikahamishiwa Ujerumani, ambako mambo yalitengemaa, lakini wakati huo sanduku la fedha za 2008 lilikuwa limetoboka. Wako walioagiza siku ile ya Septemba wakangoja miaka kadhaa, huku wakiona wanunuzi wapya, waliolipa bei ya juu zaidi, wakipata zao mapema. Fikiria uchungu huo.

Na wakati wote huo dunia haikusimama kuwangoja. Pandora ilipoagizwa, kiini cha Cortex-A8 kilikuwa hakijaingia katika simu yoyote madukani. Juni 2009 Apple ikatoa iPhone 3GS yenye kiini hicho hicho, MHz 600, kumbukumbu ya MB 256. Januari 2010 ikaja Nexus One yenye GHz 1 na kumbukumbu mara mbili. Mashine iliyokuwa mbele ya wakati ikafika nyuma ya wakati, bila hata kuchakaa.

Sasa, maoni yangu, na najua kuna watakaonibishia. Mimi siwalaumu watu wa Pandora kwa kuchelewa. Kitu kipya, kinachotengenezwa na watu wachache wasio na kiwanda, lazima kichelewe. Ninacholalamikia ni vitu viwili: kwamba walitaja tarehe wakati hawakuwa na msingi wa kuitaja, na kwamba walipokea bei yote kabla ya kujua bei halisi ya kutengeneza. Mteja alidhani amenunua. Kumbe amekopesha, tena bila riba, na bila kuambiwa kwamba ni mkopo.

Mtu atasema, bila fedha hizo Pandora isingezaliwa. Ni kweli. Hakuna benki ambayo ingewapa. Nimelifikiria hili sana, na bado nasema tofauti iko katika kumwambia mtu ukweli. "Nikopeshe dola 330, huenda ukapata mashine, huenda usipate" ni sentensi ambayo wengine wangeikubali. Mimi ningeikubali, kama ningekuwa nazo.

Mrozek mwenyewe inaonekana alijifunza nusu ya somo. Alipoleta mrithi wa Pandora, Pyra, na kufungua maagizo Mei 2016, alichukua sehemu tu ya bei na kuacha iliyobaki hadi mashine iwe tayari. Bodi ziligawanywa ili prosesa iwe na bodi yake, ibadilishwe bila kutupa mashine nzima. Hata hivyo Pyra za kwanza zilianza kuwafikia watu mwishoni mwa 2020, zikiwa na prosesa ya OMAP5 kutoka kwa Texas Instruments, kampuni ambayo tangu 2012 ilikuwa imetangaza kujiondoa katika chipu za simu. Kisha uhaba wa chipu duniani ukaja juu yake. Kufikia 2022 bado walikuwepo waliokuwa kwenye foleni ya 2016. Visanduku tena, vipuri tena. Lakini nampa heshima yake kwa jambo moja: miaka yote hiyo aliendelea kuandika maendeleo ya kazi, hata pale habari zilipokuwa za aibu. Nawajua watu wengi ambao, wakishachelewa wiki mbili, simu zao huzimwa.

(Mimi ni mmoja wao. Mwaka fulani nilimwahidi mwenye duka mmoja programu ya kuhesabu bidhaa kwa wiki mbili. Ilichukua miezi mitano, na mwezi wa tatu niliacha kupokea simu zake. Siku tulipokutana barabarani alinisalimia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.)

Wenye fedha nao wanachelewa. Valve walitangaza Steam Deck Julai 2021 wakisema itatoka Desemba. Novemba wakasogeza mbele kwa, hebu kisia, miezi miwili! Ikatoka mwishoni mwa Februari 2022. Hakuna aliyelia sana, na sababu ni rahisi: ili kushika nafasi kwenye foleni ulitoa dola 5 tu. Bei yenyewe ulilipa zamu yako ilipofika na mashine ipo. Hata hapa kwetu, wale watu wa Ushahidi, waliojulikana kwa programu, walipotaka kutengeneza kifaa cha intaneti cha BRCK walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwenye Kickstarter mwaka 2013, na vifaa vikaanza kutoka 2014. Walikuwa wazoefu, na bado chuma na plastiki viliwadai muda wao.

Basi kijana, najua utasoma hapa. Hili ndilo jibu langu, na samahani kwamba nimekujibu mbele ya watu.

Usipokee zile 15,000. Chukua shilingi 500 kwa kila mtu, ziweke mahali ambapo huzigusi, na yeyote akitaka yake umrudishie siku hiyo hiyo. Kwa fedha zako mwenyewe tengeneza tano, ndani ya kisanduku kile kile utakachouza, si cha majaribio. Mpe mdogo wako moja aichezee mwezi mzima, aiangushe, aiache imewashwa ndani ya begi. Zilizokufa, ziandike. Ikiwa moja kati ya tano imekufa, basi kila mashine utakayouza inabeba robo ya gharama ya nyingine, na sidhani 15,000 yako imehesabu hilo, wala ushuru wa forodha kwa skrini na betri unazoagiza. Na kabla ya kutaja mwezi wowote hakikisha bodi za Raspberry Pi unazo mkononi. Mwaka 2021 na 2022 zilikuwa adimu dunia nzima, na walioahidi mashine juu ya bodi wasizokuwa nazo waliumbuka.

Ukimaliza hizo tano, chukua fedha kamili za watu kumi wa kwanza, uwape zao, ndipo uende kwa kumi wengine. Itakuwa polepole, na baadhi ya wale arobaini watachoka na kwenda kununua vichezeo vya China vinavyouzwa tayari. Waache waende, ni haki yao.

Programu ya kuwashia mashine nitakusaidia, bila malipo. Usiniulize itakuwa tayari lini. Na zile tano zikipita mwezi mmoja mikononi mwa mdogo wako, niandikie jina langu kwenye kumi za kwanza. Shilingi 500 zangu nimeshakutumia jioni hii.