Mafundo ya Fahamu Yaini

Mama afugaye kuku hupata kuvunja yai lililokwisha kulaliwa siku chache. Kando ya uti wa mgongo wa kifaranga kile mna mafundo madogo ya chembe za fahamu, nayo yaelekeayo bawa na mguu ni makubwa kuliko jirani zao. Nani ayapimaye?

Mwaka 1934 Bwana Viktor Hamburger alionyesha ya kuwa chipukizi la bawa likikatwa mapema, fundo lake huwa dogo. Alidhani chembe zimekosa kufanyika. Lakini Bibi Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino aliyezuiwa kazi ya chuo kwa sheria za mwaka 1938, aliyachunguza mayai chumbani mwake alimolala, wakati wa vita. Kumbe chembe hufanyika nyingi kupita haja, zikanyosha nyuzi zao kutafuta kiungo. Zisizopata riziki huko hufa! Hivyo kiungo chenyewe ndicho kipimo. Protini moja yenye kulisha chembe hivyo aliivumbua baadaye Marekani, pamoja na Stanley Cohen. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Mayai yale, vifaranga vikiisha kutolewa, yalipikwa yakaliwa nyumbani. Kaka yake alipojua yatokako, hakuyatamani tena.