Waliotangulia Kubisha Hodi

Kila ifikapo tarehe 27 Februari, mji wa Songea huwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906, katika vita vya Majimaji. Walizikwa pamoja katika kaburi la halaiki. Nduna Songea Mbano, ambaye wapo waandishi wa historia wanaomtaja kwa jina la Abdulrauf, ana kaburi lake peke yake. Wajukuu zake wanasema kaburi hilo lina kiwiliwili tu. Kichwa, kwa waliyoyapokea kutoka kwa wazee wao, kilichukuliwa Ujerumani.

Ndugu msomaji, nyumba ya Kiislamu haihitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Tumefundishwa kumwosha maiti kwa upole, na kwamba mfupa wake una heshima ileile ya mfupa wa aliye hai.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na wajukuu hao na kuomba msamaha kwa waliyotendewa mababu. Habari ile ilienea ulimwenguni. Lakini hodi ilikuwa imekwisha kubishwa zamani, na waliobisha hawakuwa mabalozi.

Mmoja wao ni Mzee Mnyaka Sururu Mboro, mwenyeji wa Moshi aishiye Berlin. Alipokuwa akienda Ujerumani kusoma, bibi yake alimuusia arejee na kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900. Kijana akaahidi, na uzee umemkuta angali akitafuta. Yeye na wenzake wa Berlin Postkolonial, jumuiya ya kiraia isiyotafuta faida, wamefundisha, wameandamana na kudai bila kuchoka. Mwaka 2021, baada ya madai ya wanaharakati wa namna hiyo, mtaa wa Berlin uliobeba jina la gavana Wissmann ulipewa jina la Lucy Lameck, binti wa Moshi.

Watafiti wa Berlin nao walichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 wakatangaza kuwa vinasaba vimewatambulisha jamaa walio hai hapa Tanzania, wakiwamo wa mshauri wa Mangi Meli. Cha Meli mwenyewe hakikuonekana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa mambo yamekwisha kwa kuwa Rais ameomba radhi. Haki ya mja husamehewa na mwenyewe au warithi wake. Serikali mbili haziwezi kupeana msamaha juu ya vichwa vya wafiwa. Ndiyo maana nawapa uzito mkubwa wananchi hawa wasio na cheo: wao walianza kwa kuwauliza wafiwa wanataka nini.

Na wafiwa wa Songea wamekwisha jibu. Wanataka kichwa, wakizike. Rais Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta, ila akatahadharisha kwamba huenda kisipatikane.